Nguzo Tatu Zilizosalia

Ukitaka kumuudhi Fundi Nguzo, mwambie kwamba nguzo aliyoisimika yeye imeoza. Atakutazama kuanzia utosini hadi unyayoni, kisha akuulize kama umewahi hata kuchimba shimo la kuzikia paka. Kwa miaka thelathini alizunguka na mtaimbo begani na msumeno kwapani akitengeneza nyua za watu, hadi jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu.

Ujuzi wake aliugawa bure kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza. Nguzo ya mti haianzi kuoza juu, wala chini kabisa. Huoza pale inapotokea ardhini, upana wa kiganja tu. Kwa hiyo huna haja ya kuitupa yote. Unakata mguu uliooza, unaunga mpya, unauchoma moto hadi uwe mweusi, unaupaka oili chafu, unafunga boliti mbili, kwisha kazi. Na kila mwaka mvua zikiisha, fukua udongo kidogo uchomechome na bisibisi ujue hali yake.

Za kwake hakuzikagua hata siku moja. Ua uliotenganisha kiwanja chake na cha dada yake aliusimika mwenyewe, nguzo kumi na mbili, mbao nzuri zikitazama kwake na nguzo zikibaki upande wa dada. Wateja aliwaonyesha ua huo huku akijipiga kifua. "Mwaka wa tisa huu, sijagusa hata moja!"

Ukweli ni kwamba asingeweza kuzigusa. Siku ua uliposimikwa, dada yake, mshonaji wa nguo, alitoka na tepu yake ya kupimia viuno, akapima, akasema mbele za watu kwamba kamba ya mpaka imeingia kwake futi nzima. "Mdogo wangu, umenimega." Huyo ndiye dada aliyemlea, aliyemshikia nguzo za kwanza alipoanza kazi na kumkokea moto wa kuchomea miguu. Fundi aliona amevuliwa nguo hadharani. Akaapa hatakanyaga kwake mpaka aombwe radhi. Dada hakuomba, naye hakukanyaga. Wote wawili walirithi shingo ngumu ya baba yao, ila ya fundi ilikuwa ngumu zaidi, na nasema hivyo bila kumwonea.

Mwaka huo wa tisa, mvua zilipokatika, nguzo tatu za kuelekea barabarani zilianza kuinama. Aliziona kutoka dirishani, kikombe cha chai mkononi.

"Anazisukuma makusudi," alimwambia mkewe. "Anataka nionekane fundi uchwara."

"Dada yako kuketi tu hawezi, atasukuma nguzo kwa nguvu gani?" mkewe alimjibu. "Nenda ukamwone, baba. Nakuomba."

"Akinihitaji ataniita."

Hakuitwa. Alipoingia kwa dada yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, alikuwa miongoni mwa wanaume waliobeba jeneza, na macho yake hayakutoka kwenye visigino vya aliyemtangulia.

Wiki mbili baada ya maziko, binti pekee wa dada alimpigia simu. "Mjomba, zile nguzo tatu zimevunjika kabisa, mbwa wanaingia. Njoo unitengenezee."

Alikwenda asubuhi, akapiga magoti upande ule. Zile tatu zilikuwa zimelika pale pale, upana wa kiganja. Akaona afukue na ya nne, aone kama ingeweza kushikilia uzito.

Ya nne ilikuwa na mguu mpya.

Mti ulikuwa wa aina nyingine, umekatwa kwa msumeno butu, na kiungo kilipinda kidogo. Badala ya boliti kulikuwa na misumari, na juu ya misumari kipande cha turubai kilichozungushwa na kushonwa kwa uzi mnene, mishono miwili miwili, fundo limefichwa kwa ndani. Mguu ulikuwa mweusi kwa moto. Akafukua ya tano, ya sita, akaenda hadi ya mwisho. Zote tisa zilikuwa hivyo, turubai nyingine zimechakaa, nyingine bado mpya.

"Nani alizitengeneza?" aliuliza, ingawa mshono ule aliujua. Alikua nao kwenye magoti ya suruali zake zote za utotoni.

"Mama. Alikuwa anasubiri utoke kwenda kazini," mpwa wake alisema. "Nilimwambia aziache zianguke, si umemmega? Akasema, 'Kanimega, ndiyo. Lakini ua wake ukilala, nani atampa kazi?'" Akaonyesha zile zilizovunjika. "Hizi tatu zilikuwa za kutengenezwa mwaka huu. Alipokuwa kitandani alinituma kila siku nikachungulie kama bado zimesimama. Nilikuwa namdanganya, mjomba. Nilimwambia ziko wima."

Fundi Nguzo aliketi kwenye udongo aliofukua akalia kwa sauti, mtu mzima na mvi zake, bila kujali nani anapita. Miezi minne alizitazama nguzo zile zikiinama, akanuna. Angevuka siku moja tu kuja kuzikagua, angemkuta hai.

Mpwa wake alimletea vipande vitatu vya turubai ambavyo mama yake aliviacha juu ya cherehani, vimekatwa tayari. Akakata miguu, akaunga, akachoma, akapaka oili, akafunga boliti zake. Kisha akazungusha turubai, akaomba sindano. Mishono ilimtoka mshazari na alijichoma vidole mara kadhaa.

"Lete nikushonee, mjomba."

"Acha tu, mwanangu."

Wiki iliyofuata alikuja mteja mpya, akauliza kama huo ndio ule ua maarufu ambao haujaguswa miaka tisa.

"Huo umetengenezwa na dada yangu," alisema Fundi Nguzo. "Mimi nimemmalizia tatu."