Kitabu Kilicholowekwa Ndooni

Ngo. Sauti moja tu ya spana kugonga bomba lililofichwa ukutani, na fundi aliibeba sikioni tangu siku yake ya kwanza kazini. Bwana aliyemfundisha aligonga mara moja, akatega sikio, akasema, "Hapa pazima." Akasogea hatua mbili, akagonga tena. Safari hii bomba lilijibu kwa uzito, kama mtu anayeitikia na tonge mdomoni. "Hapa panavuja." Wakabomoa, wakayakuta maji. Tangu hapo fundi aliamini kwamba katika kazi ya mabomba sikio ndilo dereva na mdomo ni abiria.

Miaka thelathini baadaye, abiria huyo ndiye aliyekuwa akimponza. Fundi alizungumza kwa sauti ndogo mno. Mkewe, aliyejaliwa sauti ya kuwatosha wawili na nyingine ikabaki, alizoea kusema, "Baba watoto huyu, hata akipiga mayowe ya moto, majirani watadhani anaomba kiberiti."

Watu wakicheka, naye alicheka. Kicheko kilikauka alipoingia mtaani fundi mwingine, kijana wa kifua mbele ambaye watu walimwita Spika. Wenye majengo walipoita mafundi wajieleze, Spika alisimama akanguruma, "Maji yote ya mtaa huu yananijua kwa jina!" Wakampigia makofi. Fundi akifuata kueleza jambo la maana, mtu wa mstari wa pili aliuliza, "Anasemaje?" na wa mstari wa tatu akajibu, "Nadhani anaaga."

Kazi tatu kubwa zikampita hivyo. Ikabaki moja, ya jengo la ghorofa nne lililokabili soko, ambalo wapangaji walitaka mabomba yake yote yang'olewe na kuwekwa mapya. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Akiikosa hiyo, atafunga karakana na kwenda kumbebea Spika mkoba wa vifaa.

"Kama mdomo umegoma, tumia mkono," mkewe akamwambia. "Andika kitabu. Wewe huku umekaa kimya, chenyewe kinaongea kwa watu."

"Mimi na vitabu wapi na wapi, mama watoto?"

"Na Spika na mabomba wapi na wapi? Mbona anapata kazi!"

Basi akaandika. Aliandika asubuhi kabla ya kazi, juu ya benchi la karakana, vidole vikinuka grisi. Mkewe alisoma kila ukurasa kwa sauti, na kwa sauti ya mke yale maneno yalimshangaza hata fundi mwenyewe. "Haya yote ulikuwa nayo kichwani," mke akasema, "na kwangu ulikuwa unasema 'mm' tu?"

Walipeleka mswada kwa shirika la uchapishaji. Wakajibiwa kwa heshima kwamba utasomwa, na majibu yatatoka baada ya miaka miwili. Fundi akaikunja ile barua. Bomba lililopasuka haliwekwi foleni ya miaka miwili. Alikuwa amejiwekea akiba ya kununua mashine ya kutobolea kuta. Akaichukua yote, akaenda kwa mchapaji wa kadi za harusi.

Mchapaji alimpa nakala ya kwanza aikague. Fundi akaipokea kwa mikono miwili, akaenda nayo nyumbani, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ndivyo alivyopima kila kitu kabla ya kukikabidhi kwa mteja. Kesho yake akarudi na kitu mfano wa uji.

"Kinavuja," akasema.

Mchapaji akashika kichwa. "Mzee wangu! Hiki ni kitabu, si tangi!"

"Kitasomewa wapi?"

"Kitandani, sebuleni, popote!"

"Hapana, bwana. Kitasomewa chini ya sinki."

Mchapaji akaanza upya. Kurasa zikavishwa nailoni moja moja, kama vitambulisho, na kitabu kikatoka kinene na kizito kama tofali. Jalada la nyuma lilikuwa na namba ya simu ya fundi, kubwa kuliko jina la kitabu.

"Unawafundisha watu kujitengenezea," majirani walimwonya. "Nani atakuita?" Wa kwanza kumwita alikuwa kinyozi wa kona, ana furaha kama aliyezaa pacha. "Fundi! Koki ya ukurasa wa tisa nimeifunga mwenyewe! Ila ya ukurasa wa kumi na mbili njoo wewe, hiyo imenitisha."

Nakala moja mke alimpelekea mwenyekiti wa wapangaji wa lile jengo, mama mmoja wa ghorofa ya chini, mkali kama pilipili. Mwenyekiti akashukuru, akapima uzito wa kitabu mkononi, akakiweka chini ya mguu wa kabati lililokuwa likiyumba. Kisha akamwita Spika aje kufanya kazi ya majaribio, maana dari yake ilikuwa ikitona.

Spika alibomoa dari. Akabomoa ukuta. Akabomoa ukuta wa pili, huku akiyakemea maji kwa sauti. Siku ya tatu sebule ikajaa maji, kabati likaanguka, na kitabu kikabaki ndani ya dimbwi, maji yakipita juu ya herufi bila kuzidhuru. Mwenyekiti, sketi ameikunja magotini, aliinama akasoma ukurasa uliojifungua: *Dari ikitona, usiibomoe kwanza. Maji ni kama mgeni mwenye haya, huingia kwa mlango mmoja akaenda kukaa chumba kingine. Funga koki za ghorofa moja baada ya nyingine, kuanzia juu, na kila ukifunga, subiri usikilize.*

Akapanda ngazi na miguu yake iliyolowa. Alipofunga koki ya ghorofa ya tatu, dari yake ikanyamaza.

Jumamosi wapangaji wote walikutana uani kuchagua fundi. Mke wa fundi alifika na katoni kichwani, akagawa vitabu kwa kila kiti. Spika akasimama. "Ndugu zangu, hicho kitabu kimeziba bomba gani?"

"Hakijaziba," mwenyekiti akajibu, "lakini pia hakijanivunjia ukuta. Kaa chini, mwanangu. Fundi, hebu tuambie, tuanzie wapi?"

Fundi akasimama. Akakohoa. Midomo ikacheza, na waliokuwa karibu wakaona kwamba anasema.

"Paza sauti, baba watoto!" mkewe akapiga kelele kutoka nyuma.

"Shhh!" Uani pote watu wakamgeukia, kinyozi akiwa wa kwanza, na hata hakuwa mpangaji. "Mama, tunamsikiliza!"

Mke akafunga mdomo, pengine kwa mara ya kwanza tangu harusi. Watu arobaini wakainamisha vichwa mbele, wengine wakaweka viganja masikioni. Palitulia hadi tone la bomba la uani likasikika likianguka kwenye saruji. Fundi akalisikiliza kidogo, kwa mazoea. Kisha, kwa sauti ileile aliyozaliwa nayo, akasema:

"Fungueni ukurasa wa thelathini na mbili."