Nimeitwa mwizi wa mvinyo niliopewa niuonje

Jamani, leo nimeitwa mwizi, na aliyeniita ndiye aliyenipa glasi!

Asubuhi mvinyo mpya ulishuka na treni hapa Korogwe. Miaka saba sasa, tajiri wangu mwenye duka hunipeleka stoo, hunifungulia chupa, huniuliza, "Yohana, huu ukoje?"

Yeye hatofautishi mvinyo na siki. Ninayomwambia, huwaambia wateja wake Wazungu kana kwamba ni maneno yake.

Basi leo glasi ikiwa mdomoni, meneja Mzungu wa shamba la mkonge akaingia bila hodi.

Mnajua sheria ya Waingereza. Mwafrika kukutwa na mvinyo bila kibali ni jela, yeye na aliyempa.

Nikamtazama tajiri aseme neno moja tu.

Akasema, "Kumbe ni wewe unayeniibia!"

Akanizaba kofi.

Meneja akacheka, akasema nifukuzwe tu, askari wasisumbuliwe. Nikaondoka.

Jioni hii tajiri kaja mwenyewe nyumbani kwangu. Hakuomba radhi. "Kesho rudi, upitie mlango wa nyuma. Wageni wanakuja kuonja."

Mke wangu akamjibu, "Kaonje mwenyewe."

Nyinyi mngesema nini? Naona aibu kwamba si mimi niliyemjibu.