Shemasi Ndani ya Joka

Elkana Wafula ni muuguzi katika nyumba ya wazee huko Thamesmead, na kanisani ni shemasi. Waumini humjua kama mtu ambaye ndiyo yake ni ndiyo. Uongo alioukiri mwaka huu ulikuwa mmoja tu, na aliusema kwa upendo.

Binti yake, Daisy, alikuwa ametoa kitabu cha vijana. Alichukua ile hadithi ya kale ya binti mfalme aliyelala miaka mia nyuma ya ua wa miba, akaisimulia upya. Kitabu kilikuwa kinene kama tofali. Elkana alikifunika kwa plastiki, akakisimamisha sebuleni ambapo kila mgeni angekiona, asikifungue.

"Dad, umesoma?" Daisy alimuuliza siku moja.

"Nimesoma, mama. Nimependa hasa mwisho."

Daisy akamkumbatia, akalia mpaka shati la baba likalowa. Elkana akadhani waandishi ndivyo walivyo. Tangu hapo Ushma, rafiki yake Daisy, akawa anakuja kula nao kila Jumapili. Aliosha vyombo, akamwita Baba, na Elkana akamsifu kwa adabu.

Siku ya kuzindua kitabu, maktaba ilijaa vijana, lakini waigizaji waliokodiwa kucheza joka hawakutokea. Joka lenyewe lilikuwa la kitambaa cha kijani, la kuvaliwa na watu wawili. Daisy akamtazama baba yake. Elkana akamtazama jirani yake Harjit, fundi umeme mstaafu, Singasinga mzaliwa wa Nakuru. Kilemba cha Harjit hakikuingia kwenye kichwa cha joka, kwa hiyo akapewa mkia.

"Enda polepole," Harjit alisema kutoka nyuma. "Mimi naona suruali yako tu."

Daisy akaanza kusoma, joka likizunguka ukumbini. Akafika pale mkata miba anapopenya ngomeni na kumbusu binti mfalme, naye binti mfalme akaamka. Kiswahili kingemsitiri huyo mkata miba kwa neno "yeye", lakini Daisy alisoma kwa Kiingereza, na Kiingereza hakijui kusitiri.

Elkana akasimama ghafla. Harjit hakujua, akaendelea kutembea, na joka likajikunja katikati kama mkeka. Vijana wakapiga makofi.

"Harjit, mkata miba ni msichana?"

"Tangu ukurasa wa kwanza."

"Na mwana wa mfalme?"

"Yule anapendana na mpishi. Wa kiume. Tena anapewa farasi."

"Wazazi wao wako wapi?"

"Bado wamelala. Ile laana ilikuwa ya jumba zima."

Elkana akageuza kichwa cha joka kuelekea alipoketi Ushma. Kisha akasema, "Na Ushma?"

"Bwana Elkana, si wewe uliyewabariki? Daisy alituambia wote: baba amesoma, na amependa hasa mwisho."

Ndani ya joka kulikuwa na joto la tanuri. Elkana akawaza kukivua kichwa na kueleza kwamba pametokea kosa. Lakini angesemaje? Kwamba baraka yake ilimponyoka? Kupitia mdomo wa joka alimwona Daisy akisoma bila kuangalia karatasi, macho yake yakiwa kwa Ushma, na uso wake umetulia namna ambayo Elkana hakuwa ameiona tangu wamzike mama yake.

"Sasa tunapiga magoti," Harjit akasema. "Joka linawapa maharusi heshima."

"Nani amesema?"

"Mwandishi."

Elkana akapiga magoti. Goti la kushoto, ambalo hata kwa maombi hudai mto, likamkatalia. Joka likaanguka ubavu, Harjit juu, moto wa karatasi ukining'inia puani. Ukumbi ukashangilia.

Daisy alikuja mbio akafungua zipu. Baba yake alikuwa ameloa jasho.

"Sikuwa nimesoma," Elkana alisema.

Daisy akachutama. "Hata kidogo?"

"Picha ya juu."

"Na sasa umesikia."

"Nimesikia. Nitahitaji muda, mama. Lakini huyo mwana wa mfalme farasi ni wa nini? Hajafanya kazi yoyote."

Daisy akacheka mpaka akakaa sakafuni, na chini ya kitambaa Harjit akaomba mtu amkumbuke.

Kanisani Elkana bado hajasema neno, na kitabu anakisoma taratibu, kalamu mkononi, akisahihisha tabia za mwana wa mfalme. Lakini Jumapili iliyofuata alilisema neno hilo kwa vitendo. Alichukua firigisi, ambayo nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuigusa isipokuwa yeye, akaiweka kwenye sahani ya Ushma mbele ya wote.

Ushma, ambaye maishani mwake hajala nyama, aliitazama firigisi, akamtazama mzee.

"Asante, Baba," alisema, akairudisha kwa mikono miwili.

Elkana akaipokea kwa heshima ile ile, akaila.