Mchanga wa Ilagala

Mimi ndiye niliyemshauri mama auze mchanga. Nalisema mapema, nisije nikamtupia lawama zote mkandarasi.

Pale Ilagala kila mwanamke anayeanika dagaa alikuwa na kipande chake cha ufuko, amerithi kwa mama yake au kwa mama mkwe. Cha mama kilikuwa na mchanga safi, dagaa wakikauka kwa siku moja ya jua. Alikuwa akiwageuza pamoja na dada mmoja wa Kikongo aliyevuka ziwa akikimbia vita, naye akila na kulala kwetu kwa kazi hiyo.

Ujenzi wa barabara ulipofika, nikapata kibarua jikoni, kambini kwa mafundi. Nilivimba kichwa kwelikweli. Malori yalitafuta mchanga, na kijiji kilikuwa kimeshaonja pesa yake: mabati mapya, redio, soda mezani hata bila mgeni. Mama alisita. Nikamwambia asiogope, masika ziwa litaleta mchanga mwingine kama linavyoleta kila mwaka. Sote tuliamini hivyo. Hakuna aliyejiuliza kama ziwa linaweza kufukia shimo la kina cha mtu.

Wakachimba hadi kwenye udongo mweusi. Masika ikaja, shimo likajaa maji na vyura. Barabara ikasonga mbele, kambi ikang'olewa, na kibarua changu nacho kikaota nyasi.

Giza la mwezi lililofuata, wavuvi walipoingia ziwani na taa zao, dagaa walipatikana kwa wingi ajabu. Mama akawaanika kwenye tope lililokauka juu juu tu. Wakawa wekundu, wakanuka, na wachuuzi wa kutoka Kigoma mjini wakapita bila hata kuwashika. Tuliwafukia wote. Niliona aibu kumtazama mama usoni.

Yule dada hakufukuzwa na mtu. Aliona mwenyewe kwamba kazi haipo na chakula hakitoshi watu watatu, akaenda kujiandikisha apelekwe kambi ya wakimbizi. Siku ya safari mama alimsindikiza hadi kwenye lami mpya, gari likiwa limeshawashwa. Nilidhani atamtakia heri. Akamshika mkono, akamwita mwanangu kwa Kiha, akamwambia taratibu:

"Mwana wanje, ukifika uwaulize kama wanaandikisha na sisi wa hapa."

Yule dada alicheka kidogo, kisha akaona kwamba mama hacheki.