Mtoto Aliyelazwa Akitazama Ukuta

Binti yangu alizaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba. Hospitalini hapa Gisenyi nilimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, nikimsemesha Kiswahili nilichokulia Tanzania. Nikinyamaza, alikunja uso. Nikianza tena, alifumbua macho. Muuguzi aliniambia niendelee hivyo hata nyumbani, kwa kuwa mtoto njiti hukua kwa kuitikiwa.

Nyumbani mama mkwe wangu, aliyelelewa Goma ng'ambo ya mpaka, alikuwa na lake.

"Bon, mukazana, usimuzoee sana," alisema, akiniita mkamwana kwa Kiswahili cha kwao. "Haijulikane kama atabakia."

Baadaye mume wangu alitaka nirudi kuuza nyanya kwenye soko la mpakani, Petite Barrière, mama yake abaki na mtoto. Nilikataa, nikashindwa. Kila siku nilivuka mpaka, matiti yakiniuma kwa maziwa.

Siku moja mvua kubwa ilitufukuza sokoni, nikarudi mapema. Nilimkuta mtoto chumba cha ndani, amelazwa akitazama ukuta, macho wazi. Nilimwita, hakugeuka. Nilimwekea uso wangu mbele ya wake, akaangalia pembeni.

"Mama, analala hivi tangu lini?"

"Kila siku. Iko mutoto mupole, halie hata kidogo."

"Halii kwa sababu alikuita mpaka akachoka."

Mume wangu aliporudi alisema nimemtukana mama yake. Nikamwambia nyanya akauze yeye, maana mimi mpakani sirudi. Alinuna, lakini alikwenda.

Nikakaa na binti yangu. Nilimsemesha, akaangalia pembeni; nikasubiri, nikamsemesha tena. Nilikuwa na hasira, lakini nilimwimbia kwa sauti ya chini. Zilipita wiki kabla hajaniangalia na kutoa kisauti chembamba, kama anayejaribu kuona kama kweli nipo. Nilimwitikia hapo hapo. Akatoa kingine.

Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na kila alipochelewa wifi zangu walinitazama mimi, kwamba namdekeza. Hakuna aliyeuliza habari za kile chumba cha ndani.

Sasa yuko chekechea, na anaongea mpaka mwalimu anamwomba awaachie wenzake nafasi. Mume wangu husema mambo yaliisha vizuri, niyaache. Hayakuisha yenyewe, namjibu. Mama yake namwandalia chai kila asubuhi kwa heshima zote, na bado sijamsamehe.