Ukuta wa Nyuma ya Stoo

Ofisi nzima ya mazingira walimwita Gundi, na usimwonee huruma, jina hilo alilitolea jasho. Kila mradi mkubwa wa ardhi, kabla haujapewa kibali cha mazingira, lazima tangazo lake likae ukutani siku ishirini na moja, wananchi walisome na kusema la moyoni. Mbandikaji alikuwa yeye. Gundi ya unga wa ngano alipika mwenyewe, akaibeba kwenye ndoo, na hakubandika ilimradi kabandika. Alitafuta pale watu wanaposimama kwa muda: kwenye mashine ya kusaga, kwenye dirisha la dawa la zahanati.

Mkewe ndiye aliyemfulia suruali, zimekauka gundi mpaka zinasimama zenyewe. Lakini wanawake wenzake wakimuuliza mumewe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko mazingira," kisha haraka haraka anabadilisha mazungumzo. Gundi alijua kwamba anamwonea haya. Ilimuuma.

Mwaka ule ikaja kampuni inayotaka kujenga nyumba mia mbili bondeni, juu kabisa ya chemchemi ambayo mtaa mzima unachota maji.

"Usisumbuke, mzee, tangazo tutabandika wenyewe," mtaalamu wao alimwambia, anachekacheka.

Siku ishirini na moja zikapita, hakuna aliyepinga. Sasa jamani, mtu atapingaje asichokijua?

Asubuhi ya kusaini kibali, Gundi alitumwa kupeleka faili kwa bosi, mama mmoja mkali asiyependa porojo. Faili likafunguliwa mezani, na picha ikaonekana: tangazo liko ukutani, chini yake pameandikwa, "Mbele ya zahanati." Gundi akaikazia macho. Ukuta ule ulikuwa kijani chini, mweupe juu, na katikati una kiraka cha saruji chenye umbo la kiatu. Kiraka kile alikitia yeye kwa mkono wake.

Mkataba wake wa kibarua ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi, na wa kuuongeza ni mama huyuhuyu, kalamu tayari mkononi.

"Samahani, bosi. Huo ukuta si wa zahanati."

"Ni wa wapi?"

"Ni wa hapa hapa. Nyuma ya stoo yetu."

Mtaalamu wa kampuni, aliyekuwa amejiegemeza kwenye kochi akisubiri kibali chake, akaangua kicheko. "Mama, kuta zote si zinafanana?"

"Kwako wewe," Gundi akasema. "Mimi kuta ndiyo kazi yangu."

Bosi akainuka na picha yake, akatoka nje, wao nyuma. Akaishika mbele ya ukuta. Kiraka kilekile! Na matundu manne ya misumari midogo, bado mapya: tangazo lilipigiliwa hapo, likapigwa picha, likang'olewa. Kicheko cha mtaalamu kilipotelea wapi, sijui.

"Tunaanza upya," bosi akasema. "Siku ishirini na moja. Na anabandika Gundi, sasa hivi na mwaka ujao pia."

Safari hii alipika ndoo mbili. Siku ya kikao cha kusikiliza maoni, ukumbi wa shule ulifurika mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Wananchi walisema, tena walisema haswa, na mwisho bosi akatamka mbele ya wote: hakuna nyumba itakayoisogelea chemchemi, kampuni ichore ramani upya au isahau kibali.

Kabla ya kufunga, akauliza watu walipataje habari, aandike kwenye taarifa yake.

"Kwenye mashine!" wakajibu wengi.

Mwanamke mmoja akasimama katikati ya ukumbi. Gundi, aliyekuwa mlangoni na ndoo yake, katoka kubandika tangazo jingine, nusura aiangushe. Mkewe! Wala hakuwa amemwambia kwamba anakuja.

"Mimi tangazo nililisoma zahanati, nikiwa kwenye foleni ya dawa," akasema, sauti imejaa ukumbi. "Na aliyelibandika ni yule pale mlangoni, mwenye ndoo. Ni mume wangu."

Hakuketi upesi. Alibaki amenyoosha mkono kuelekea mlangoni, mpaka waliokaa mbele kabisa nao wakageuka kumtazama Gundi.