Kichwa cha mtoto kilibonyea upande mmoja, lawama zote akabebeshwa mke wangu

Wakuu, salaam kwenu.

Nimesoma humu mama mmoja akilia kwamba mama mkwe wake anamkanda mtoto kichwa ili kiwe mviringo. Damu imenichemka. Mimi ni mzee sasa, sina sababu ya kuwauzia chai.

Ilikuwa Kolwezi, enzi za Zaire. Nilifanya kazi mgodini, mara nyingi shift ya usiku. Tulikaa nyumba ya kambi, mimi, mke wangu Ngalula na mtoto wetu wa kwanza, Kabeya.

Sasa baba wa shift ya usiku analala mchana. Na kambini usingizi wake uliheshimiwa kuliko misa. Mtoto akilia, mama ndiye anasemwa.

Kwa hiyo Ngalula alimlaza Kabeya chali palepale kila siku, kando ya kitanda, mlango ukiwa kulia kwake. Mtoto anageuka kulia, anamwona mama yake uani, ananyamaza. Baba anakoroma.

Alipofika miezi mitatu, kichwa kilikuwa kimebonyea nyuma, upande wa kulia. Hata sikio la upande ule lilisogea mbele.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja kwa treni kutoka Kasai kumwona mjukuu. Akaita majirani uani.

"Mwangalie kichwa ya mutoto! Mwanamuke huyu ni muvivu, anamutupaka chini sawa mufuko!"

Tangu hapo, kila asubuhi alipasha viganja kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akakibana kichwa huku na huku. Mtoto analia mpaka sauti inakauka. Ngalula naye analia.

Na mimi? Nilirudi kutoka kazini, nikasikia, nikalala. Nikasema hayo ni mambo ya wanawake. Upumbavu mtupu!

Siku moja mama yangu akafunga mizigo. Eti anaondoka na Kabeya, na Ngalula arudi kwao akafundishwe kulea. Mtoto bado ananyonya, jamani! Hapo ndipo nilipoamka. Nikasema kwanza twende zahanati.

Nilikuwa mwanaume peke yangu kwenye foleni. Kina mama walinicheka, nikavumilia.

Nesi akageuza shingo ya mtoto taratibu pande zote, akagusa utosi. Aliposikia habari za kukanda, akakasirika.

"Muache leo leo! Mifupa ya kichwa iko bado laini, haitengenezwe na mikono. Analalaka fasi gani? Anaangaliaka wapi?"

Ngalula akainamisha macho. Nesi akarudia. Nikajibu mimi.

"Anaangalia mulango, mama. Sababu mi nalala muchana."

"Basi ndiyo kichwa ya mutoto inalipa usingizi yako, tata."

Tata, yaani baba. Nilitamani ardhi inimeze.

Akatuelekeza: tumgeuze, miguu iende kulikokuwa kichwa, ili akimtafuta mama yake ageukie kushoto. Akiwa macho alazwe kifudifudi, mtu akimwangalia. Abebwe sana, na arudishwe kupimwa. Hakuna kukanda. Mama yangu akarudi Kasai bila mjukuu. Mimi nikajifunza kulala na kelele.

Kabeya alipoanza kutembea, ilibidi upapase kwa mkono ndipo uone palipokuwa pamebonyea.

Siku ile, njiani kutoka zahanati, nilimwuliza Ngalula kwa nini hakusema.

"Ningesema nini, tata Kabeya? Bangesema mi nakukatalia kulala."

Funzo langu ni hili: mkiona kichwa kimebonyea, mpelekeni mtoto kwa mtaalamu, na mikono ya kubana ikae mbali. Halafu wewe baba jichunguze kabla hujamwacha mkeo atukanwe.

Maana mama yangu alimtukana Ngalula uani, kambi nzima ikisikia. Mimi nilimwomba Ngalula msamaha chumbani, mlango umefungwa. Tulihama Kolwezi tukawaacha majirani wale wakiamini alikuwa mvivu.

Kina baba wa humu, nani kati yenu aliwahi kumtetea mkewe mbele ya watu walewale waliomsikia akitukanwa? Semeni, nipo nasoma.